Khati kwanza, dhahabu baadae: niliyopitia nikijifunza sanaa ya misahafu ya mkono

Watu wananiuliza sana waanze na nini, kalamu gani, wino gani, kozi gani ya kwenye intaneti, na kila nikijibu kwa kifupi naona kabisa sijamsaidia mtu, manake jibu lenyewe ni refu. Kwa hiyo nimeamua niandike yote sehemu moja, vile nilivyopita mimi, kilichonigharimu na kilichonisaidia, khati kwanza, yani sanaa ya kuandika herufi za Kiarabu kwa kalamu, alafu ile nakshi ya dhahabu inayozunguka maandishi kwenye misahafu ya zamani, ambayo mafundi wanaiita tadhhibu. Ijaza, yani ruhusa ya mwalimu ya kuweka jina langu kwenye kazi zangu, bado sijapata, niseme mapema. Lakini nimeshavuka pale ambapo wengi wanaishia njiani, na wengi wanaoishia pale sio kwamba hawana kipaji, hakuna tu aliyewaambia kinachowasubiri.

Kilichonivuta mimi ni dhahabu, kama wengi. Ukifungua kurasa mbili za mwanzo za msahafu wa kale, ile buluu nzito, maua yaliyofungamana, dhahabu inayobadilika ukigeuza karatasi, unataka uanze nayo hiyo hiyo siku ileile. Nilipompata ustadhi wa kunifundisha nikamwambia wazi nataka nakshi. Akanijibu kwa upole kabisa, mwanangu, dhahabu haifichi herufi mbovu, inaimulika. Akanitumia mstari mmoja wa kuiga, basi. Niliumia kidogo, nikaona ananichelewesha. Sasa hivi mtu akiniuliza namwambia hayo hayo.

Tuanze na kalamu, manake kila kitu kinatoka hapo. Kalamu ya khati ni tete, unaikata ncha yake kwa mshazari ikawa bapa, na upana wa hiyo ncha ndio kipimo cha kila kitu utakachoandika. Ukiweka ncha kwenye karatasi ukaivuta kidogo unapata nukta, ile ya pembe nne iliyosimama kwa kona, na herufi zote zinapimwa kwa nukta. Alif ya thuluthi, khati ile kubwa ya mapambo, kwa mafunzo mengi ni nukta saba kwenda juu, ya naskhi, khati ndogo ya kusomeka, ni fupi zaidi. Tumbo la nun lina nukta zake, shingo ya waw ina zake. Mfumo huu wa vipimo unahusishwa na Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, mtu aliyekatwa mkono wa kulia kwa fitina za siasa. Baada yake akaja Ibn al-Bawwab, aliyefariki 1022, alafu Yaqut al-Musta'simi, aliyefariki 1298, huyu ndio anatajwa kwa kuukaza ule mkato wa mshazari wa ncha mpaka herufi zikapata wembamba na unene wenye uhai. Nawataja hawa kwa sababu ukishajua kwamba unachofanya mezani kwako kimepita mikononi mwao mtu kwa mtu, mwalimu kwa mwanafunzi, kwa zaidi ya miaka elfu moja, unapata subira ambayo ukitegemea hamu peke yake hupati.

Somo la kwanza kwa njia ya Waothmani, ambayo ndio niliyofuata, ni dua, Rabbi yassir wala tuassir, Rabbi tammim bilkhayr. Mola wangu nifanyie wepesi wala usinitie ugumu, Mola wangu nikamilishie kwa heri. Unaiandika hiyo tu. Unaandika, unatuma, inarudi na wino mwekundu, unaandika tena. Ukimaliza hiyo unaingia herufi moja moja, alafu herufi mbili mbili zilizoungana, alafu maneno, alafu ndio sentensi. Mazoezi haya yanaitwa mashki, na yanakula miaka, sio wiki. Kama kuna kozi inakuahidi thuluthi kwa mwezi, ujue hiyo inakuuzia kuchora umbo la herufi, khati yenyewe hutaipata hapo.

Ngoja niwaonyeshe sahihisho lenyewe linavyokua. Nimeandika waw, naiona nzuri, kichwa kiko duara, mkia umeshuka vizuri. Ustadhi anairudisha, juu ya kichwa kaweka vinukta viwili vyekundu kuonyesha upana ulipotakiwa kuishia, pembeni kaandika waw yake nyekundu, ndogo, kwa mkono wa haraka kabisa. Naangalia yangu naangalia yake, sioni tofauti. Yani kweli sioni. Nikakaa na hiyo karatasi jioni nzima mpaka nikaona kwamba ya kwake, pale shingo inapotoka kwenye kichwa, kalamu imegeuka kidogo, mstari unakonda kabla ya kushuka, na yangu ina unene uleule kuanzia juu mpaka chini kwa hiyo inakaa imesimama tu, haiendi popote. Nilivyoiona tu ile, mkono ukaanza kuifuata ndani ya siku chache. Wiki zote nilizokua naandika kurasa na kurasa bila kuiona hazikunisogeza.

Hapo ndio penye neno langu kubwa kwenye maandishi haya yote. Kinachochelewa ni macho. Watu wanadhani mkono mzito ndio tatizo, wanajaza madaftari, wanaandika mpaka kidole kinapata sugu, na kosa lile lile wanalirudia mara mia mpaka linakua tabia, na kulitoa baadae ni kazi mara mbili. Ningeanza leo upya, nusu ya muda wangu ningeangalia tu. Chukua mstari mmoja wa bwana mkubwa wa khati, pima kila herufi kwa nukta za kalamu ileile, weka alama kwa penseli wapi inaanzia wapi inaishia, angalia nafasi nyeupe katikati ya herufi, manake hata nyeupe ina umbo lake. Alafu ndio ushike kalamu. Mifano mizuri ya kuanzia ni mashki ya Mehmed Şevki Efendi, wa Istanbul karne ya 19, ambayo mpaka leo walimu wengi wa thuluthi na naskhi wanaitumia, na kitabu cha kanuni za khati cha Hashim Muhammad al-Baghdadi, aliyefariki 1973, kimesaidia watu wengi wasiokua na mwalimu karibu, ingawa kitabu hakikusahihishi.

Na bahati tuliyonayo wakati huu ni kwamba maktaba kubwa zimepiga picha miswada yao na zimeiweka wazi. Msahafu wa Ibn al-Bawwab alioandika Baghdad mwaka 391 Hijria, yaani 1000 hadi 1001, uko maktaba ya Chester Beatty kule Dublin. Ni mdogo, na umeandikwa kwa naskhi ndogo ya kawaida kabisa ya kusomeka. Nilipouangalia mara ya kwanza sikuona ajabu yake, nikapita. Niliporudi baada ya mwaka wa mashki nikashindwa kuondoka kwenye ukurasa mmoja. Kila mstari umetulia, hamna herufi inayopiga kelele, na hajachoka hata mwisho wa kitabu. Kuza picha, angalia herufi moja tu, usiangalie ukurasa mzima. Na kama unataka kitu cha karibu zaidi, chukua msahafu wa Madina ulioko nyumbani kwako, ule ni mkono wa Uthman Taha, sio fonti ya kompyuta, mtu kakaa na kalamu kaandika kila herufi. Tunausoma kila siku, ila kuutazama hivyo ni wachache waliowahi kujaribu.

Vifaa sasa, manake hapa ndio pesa zinapotea. Usinunue seti ya kalamu nyingi. Nunua tete moja au mbili nzuri, ngumu, kavu, za thuluthi ya kama milimita mbili na nusu au tatu, na kisu kikali sana, alafu jifunze kuchonga mwenyewe. Kalamu isiyochongwa vizuri itakufanya udhani huna mkono. Ncha inakatwa juu ya kibao kidogo cha mfupa au kitu kigumu ili isipasuke, kisha inapasuliwa katikati kidogo wino upite. Kwa naskhi kalamu ni kama theluthi moja ya ile ya thuluthi, na kwa maandishi marefu mafundi wanapenda zile kalamu ngumu za Java, zinatoka kwenye mti wa jamii ya mitende, ncha yake inakaa muda mrefu bila kuchakaa.

Wino wa asili ni masizi, gundi ya mgunga na maji, vinasagwa pamoja muda mrefu sana. Msikiti wa Süleymaniye pale Istanbul, uliokamilika 1557, moshi wa taa zake ulikua unavutwa na hewa kwenda kwenye chumba maalum juu ya mlango, masizi yakikusanywa kwa ajili ya wino. Uzuri wa wino wa masizi haupauki kwa jua na unafutika kwa maji wakati wa kazi, na hilo la pili ni rehema kubwa. Ndani ya kidau cha wino unaweka nyuzi za hariri mbichi, kalamu inagusa nyuzi tu inachukua wino wa kutosha, haizami, haidondoshi matone. Wino wa kalamu za kisasa usitumie kwenye tete, ni mwepesi mno unatapakaa. Na wino unaosema ni wa kudumu usioyeyuka, ukikauka ndani ya ncha basi.

Karatasi ndio kitu nilichokichukulia wepesi kuliko vyote na ndio kinachobeba siri nusu. Karatasi ya printa inanyonya, kingo za herufi zinaota manyoya. Karatasi ya khati inapakwa ahari, yani ute wa yai uliopigwa na kipande cha shabu mpaka ukawa majimaji, unachujwa, unapakwa kwa brashi, unakauka, alafu unasuguliwa kwa jiwe la akiki mpaka uso wa karatasi unang'aa. Kusugua kusichelewe mno, ahari ikikauka kupita kiasi inapasuka pasuka. Kisha karatasi inawekwa ipumzike, mafundi wanapenda ikae mwaka na zaidi kabla ya kuandikiwa. Kabla ya ahari wengi wanaipaka rangi ya chai ili weupe usiumize macho. Faida yake wino unakaa juu ya ngozi ya ahari, hauingii ndani, kwa hiyo ukikosea unakwaruza taratibu kwa ncha ya kisu na unaandika tena, na misahafu mingi mnayoiona haina doa imesahihishwa hivyo hivyo. Kwa mazoezi lakini usijisumbue, karatasi nyororo yenye kung'aa ya dukani inatosha kabisa, ahari iache kwa kazi ya kweli.

Nisifiche kwamba kuna kipindi nilitaka kuacha. Kinakuja baada ya kama mwaka hivi, macho yameshaanza kuona lakini mkono haujafika, kwa hiyo kila unachoandika unakiona kibaya, na karatasi za zamani ulizozipenda zinakuudhi. Nilikua naamka usiku kuangalia kazi niliyoandika mchana, naumia moyo kweli. Ustadhi hakunibembeleza, aliniambia tu hiyo ndio dalili nzuri, punguza, andika mistari michache kwa siku ila kila siku. Hilo lilinisaidia kuliko maneno yoyote ya kutia moyo. Na mgongo jamani, mgongo na shingo, kaa vizuri, inua ubao uwe na mteremko, taa itoke kushoto kama unaandika kwa kulia, pumzisha macho kila baada ya muda. Khati ndogo kwa saa nyingi mfululizo inachosha macho.

Baada ya hapo ndio nikaruhusiwa dhahabu, na hapa nakumbuka karibu kila kitu. Karatasi za dhahabu ni nyembamba kiasi kwamba pumzi inazipeperusha, unafunga madirisha, unazima feni, unapumua pembeni. Unaziweka moja moja kwenye sahani ya kaure yenye gundi ya mgunga, wengine wanatumia asali, na unasaga kwa kidole. Kidole kitupu, unazungusha, unazungusha, masaa. Mwanzo dhahabu inapotea kabisa inakua tope la kahawia, unaamini umeiharibu na pesa imekwenda. Unaendelea. Kisha unaongeza maji, unachuja kwa kitambaa cha hariri, unaacha ituame usiku kucha, unamwaga maji ya juu taratibu, na chini kabisa kunabaki unga laini. Unachanganya na maji ya jelatini kidogo, unapaka kwa brashi nyembamba, inakauka ikiwa imefifia kama rangi ya udongo, na hapo ndio unachukua akiki unasugua, ikawaka. Jelatini ikizidi haing'ai, ikipungua inabanduka. Jaribu kwenye kipande cha pembeni kwanza, kila mara, hata ukiwa umeshazoea. Na usianze na dhahabu ya kweli, mwaka wa kwanza tumia rangi ya maji ya kawaida ujifunze kuchora.

Manake kwenye tadhhibu kuchora ndio kazi. Unachora nakshi kwenye karatasi nyepesi, unatoboa mistari yote kwa sindano, unaiweka juu ya kazi na kupitisha vumbi la mkaa, umbo linabaki kama vinukta. Ndio unatia dhahabu, unaisugua, unazungushia mstari mwembamba sana wa wino kila jani na kila ua, alafu rangi, mwisho kabisa unajaza ardhi ya nyuma. Ule mstari mwembamba ndio unaomtambulisha fundi, na kama hukupitia mashki hautakutii.

Nilipoanza kuchora ndio nikaelewa kwamba nakshi kwenye msahafu ina kazi yake. Kile kiduara cha dhahabu kinakuambia aya imeisha. Kwenye misahafu mingi ya kale kila aya tano kuna alama, kila kumi kuna nyingine, pembeni kuna ua la juzuu na la sijda, kichwa cha sura kina mstatili wake. Msomaji anayetafuta sehemu yake anaiona kabla hajasoma neno. Kwa hiyo mtu akijaza maua kila mahali mpaka alama za aya zinapotea ndani yake, hata kama maua ni mazuri, kamkosea msomaji. Angalia msahafu wa Baybars, uko British Library, juzuu saba zilizoandikwa Cairo kati ya 1304 na 1306, maandishi yote ni ya dhahabu, mwandishi ni Ibn al-Wahid na watia nakshi ni watu wengine, kiongozi wao akijulikana kama Sandal. Dhahabu nyingi namna ile na bado unajua uko aya gani. Na ona pia kwamba mwandishi na watia nakshi ni watu tofauti, sio lazima ujue vyote. Mimi nimeshajua mkono wangu uko kwenye khati zaidi, nakshi naifanya kwa kiasi, na kazi kubwa nampelekea mwenye fani.

Tahadhari mbili za rangi ambazo zingeniokoa pesa. Fedha, yani ile madini yenyewe, usitumie kwenye nakshi, inafanya kutu na kuwa nyeusi. Ule msahafu maarufu wa buluu, wenye khati ya kufi, ile ya kale yenye pembe, ya dhahabu juu ya ngozi iliyotiwa nili, ambao kurasa zake zimetawanyika kwenye makumbusho tofauti na wataalamu wanabishana mpaka leo ulitoka wapi, alama zake za aya zilikua za fedha, zimefifia, dhahabu bado inawaka. Nyingine ni kijani cha kutu ya shaba, kinakula karatasi. Kuna miswada ya kale ambayo fremu ya kijani imekata ukurasa kabisa, maandishi yakabaki yanaelea peke yake.

Ukifika kuandika aya, usiandike kwa kumbukumbu hata kama umehifadhi. Weka msahafu uliochapwa mbele yako, na kabla ya dhahabu mpe hafidhi mmoja aisome neno kwa neno, irabu kwa irabu. Ukiwa unapima nukta macho yanaona umbo, hayasomi tena, na neno linaweza kuruka bila wewe kujua. Karatasi za mazoezi zenye jina la Mungu usitupe na takataka, tenga boksi lake, kisha zizikwe au zichomwe kwa adabu. Ndio maana kwa mazoezi ya kila siku napenda herufi tupu. Inasimuliwa kwamba waandishi wa Kiothmani walikua wanatunza vichongo vya kalamu zao maisha yao yote ili siku wakifa vitumike kuchemshia maji ya kuwaoshea. Mie navitunza vyangu.

Kuhusu umbali, msikate tamaa kwa sababu hamna mwalimu jirani. Mohamed Zakariya, Mmarekani, alianza kujifunza mwenyewe akiwa mbali na vituo vya khati, baadae akaenda kusoma Istanbul akapata ijaza, na ndio aliyeandika stempu ya Idi ya posta ya Marekani mwaka 2001. Masahihisho kwa simu yanawezekana, piga picha kwa mwanga wa mchana, karatasi ikiwa bapa, kamera juu kabisa, na weka rula pembeni. Lakini hata mara moja moja tafuta nafasi ya kukaa pembeni ya mwalimu uone kidole chake kinavyozungusha kalamu, hicho kitu video haikionyeshi.

Mimi sasa niko kwenye kipande cha ijaza. Unachagua kazi ya bwana wa zamani, mstari wa thuluthi juu na mistari ya naskhi chini, unaiiga mpaka mwalimu aridhike, alafu unaiandika kwenye karatasi ya ahari, inatiwa nakshi, na chini mwalimu anaandika kwa mkono wake kwamba anakuruhusu kuweka jina lako kwenye kazi zako. Mpaka siku hiyo hausaini. Kwa hiyo mkiona mtu wa mwezi wa pili ameshaweka saini kubwa pembeni ya Ayatul Kursi, msimvunje moyo, mwelekezeni kwa mwalimu. Na anayetaka kuanza kesho, kalamu moja, kisu cha kuichongea, wino wa masizi, karatasi za kung'aa, mstari wa Rabbi yassir, na mtu wa kukusahihisha. Hizo ndio gharama za mwaka wa kwanza, hamna nyingine za lazima.